Mkaa wa Pumba na Chumba cha Mama

Tindiga, Kilosa
Jumapili, mvua imepumzika

Mama yangu,

Shikamoo. Siku wakitafutwa watu wenye bahati katika nchi hii, waanze na mwanao Maulidi, wengine wapange foleni nyuma yangu. Nimepata kiwanja, Mama, na juu ya kiwanja nimepata nyumba. Chumba chako kiko upande wa mawio, dirisha linatazama milima, na kuta zake nimezichanganyia mkaa kwa mikono yangu hii, hivi kwamba ukiingia mchana wa jua kali unajiona kama umeingia ndani ya mtungi. Sisemi hivi kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo, na mtu akisema lililopo watu wakasikia majivuno, hiyo ni shida ya masikio yao.

Haya, goti linasemaje? Yule mbuzi mweusi ameshazaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Dada Hadija kikohozi kimemwacha? Na wewe Mwajuma, mpwa wangu, najua ndiwe unayemsomea bibi yako. Kaa sawa, soma taratibu, na usitie maneno yako kama mara ile, mpaka Mama akanipigia simu kunigombeza kwa mambo ambayo sikuyaandika. Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini ni kule kupungua kwa mtu mwenye kazi.

Utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Mama, kwenye simu unanikamata. Nikikwambia nimekula wali kuku, unauliza, "Maulidi, umekula nini?" Karatasi haina sauti. Karatasi inamwacha mtu amalize.

Anayekuletea hii ni Abdu, yule kijana wa kwetu Uvinza, stesheni, anayefanya kibarua cha reli hapa Kilosa. Mpe chai, mtu mwema sana. Ndiye aliyeniletea ujumbe wako alipotoka likizo: kwamba baba mdogo anaitaka nyumba yako aipangishe, na amesema siku ukihamia kwangu umkabidhi ufunguo. Na kwamba wewe umemjibu, "Nangoja neno la Maulidi." Abdu aliniambia unalala na ufunguo chini ya mto. Neno hilo ndilo barua hii, Mama. Ila siwezi kulifikia bila kukupitisha kwenye habari ya mkaa, kwa hiyo nyoosha mguu, Mwajuma akuletee maji, tuende.

Unajua nilianzia Mikumi, pale barabara kuu ya kwenda Iringa, napakia na kushusha mizigo malori yanaposimama. Ni mji wa watu wanaopita. Ukikaa benchi moja tu unaijua dunia yote. Nimeongea na madereva wa Zambia. Nimemwelekeza mzungu njia ya hifadhini kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, akafika, na kama hakufika, basi hakurudi kulalamika. Asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye lami, na siku nyingine tembo anavuka ndani yake, magari yote yamesimama, hakuna anayepiga honi. Nilikuwa nasimama na gunia begani namtazama mpaka aishe. Tembo wa kwenye ukungu haondoki, Mama, anaisha. Inaanza miguu, linafuata tumbo, mwisho unabaki ukungu wenyewe, na wewe huna hakika kama ulimwona au uliota umesimama.

Ndipo wakaja watu wa mradi kutangaza semina ya mkaa wa shamba. Nilikwenda kwa ajili ya soda, hilo sikufichi. Lakini yule mwalimu, dada mmoja mwembamba wa Morogoro, alipoanza kusema, soda ilipata moto mkononi bila kuinywa. Alisema takataka zote tunazochoma bure, pumba za mpunga, magunzi, maganda ya karanga, ukizichoma kwa kuzibania hewa haziwi majivu. Zinakuwa mkaa mwepesi wenye vitundu kama mkate wa kumimina, vidogo hata jicho halivioni. Wenyewe wataalamu wanauita bayocha. Vitundu vile vinashika maji ardhini yasikimbie, vinashika mbolea isioshwe na mvua, ukiupanga kwenye pipa vinashika uchafu wa maji ya kisima, na ukiutia kidogo kwenye udongo wa tofali nyumba inakuwa nyepesi na ya baridi. Nikamkumbuka marehemu Baba kwenye majiko ya chumvi, kuni zile zote, moto ule wote, na kila jioni majivu yanamwagwa mtoni. Nikasema moyoni, mzee wangu alikaa maisha yake yote jirani na utajiri, akaukosa kwa sababu moto wake ulikuwa na hewa nyingi.

Siku ya mwisho tukapelekwa kwenye bustani ya mfano, pembezoni mwa mji. Mwalimu akanyanyua ndoo ya mkaa, akasema, "Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo kubwa kuliko yote. Mkaa huu msiupeleke shambani kabla ya..." Hapo hapo tembo akatokea nyuma ya migomba. Si wa ukungu huyu. Huyu alikuwa na njaa na masikio yake yamesimama. Mama, wanafunzi tuliondoka kama tumeambiwa kuna pilau sehemu nyingine. Mwalimu aliingia kwenye gari na ndoo yake. Vyeti tuligawiwa barabarani, kupitia dirishani. Kabla ya nini, hakuna aliyeuliza. Mimi nilidhani labda kabla ya kunywa chai.

Na cheti changu mfukoni nikashuka Tindiga, nikapata kibarua cha kupakia magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nyuma ya mashine kuna kilima cha pumba kinachozidi nyumba ya ghorofa, na mwenye mashine alikuwa anakiwasha moto kila mara kukipunguza. Nikamwonyesha cheti. Akakitazama juu, akakitazama chini, akasema, "Chukua pumba zote unazotaka, mtaalamu, ila kazi ya magunia iko pale pale."

Hapo ndipo nilipomjua Mama Agnesi. Ni mjane, mtu wa milimani aliyeshuka bondeni kulima mpunga zamani za ujana wake, Mwanglikana ambaye hata akiwa na homa Jumapili haimkuti kitandani. Mto ulipofurika ulimfunika shamba lake kwa mchanga, ukaondoka, ukamwachia kitu kama ufukwe usio na bahari. Alinikuta natandaza pumba juani.

"Wewe ndiye mtu wa mkaa?"

"Ndiye, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wanasema una cheti."

"Ninacho."

"Cheti kinaota kwenye mchanga?"

Nikamwambia kila kitu kinaota nikikishika mimi. Akanitazama kwa muda kama mtu anayetazama mbegu asizozijua, halafu akasema, "Mchanga ule ukiurudishia uhai tukavuna, kipande cha juu pale mwinukoni ni chako. Mafuriko hayafiki pale. Jenga, mlete mama yako. Nimechoka kuzungumza na kuku." Neno lenyewe ndilo hilo, na nimelishika mpaka leo: tukavuna.

Mama, hii kazi ya kuchoma pumba sijui nikueleze vipi uione. Unachukua debe ulilolitoboa matundu pande zote, unaligeuza mdomo chini, juu unachomeka bomba la kutolea moshi. Ndani unawasha moto wa vijiti. Kuzunguka debe unamwaga pumba mpaka zinakuwa kama kichuguu cha dhahabu. Kisha unakaa. Moshi mweupe unapanda, asubuhi bondeni hakuna upepo, unasimama wima kama mtu anayefikiri. Weusi unaanzia ndani kwa ndani, unatambaa kuja nje, huusikii, huuoni ukitembea, ila ukigeuka kutazama milima na kurudisha macho unakuta umefika mahali ambapo haukuwapo. Kazi inayotaka mtu anayejua kukaa bila kufanya kitu, na katika hilo mwanao ana digrii. Nilikuwa nakaa pale nakuona wewe, unatoka mlangoni na kanga ya kijani, unaniuliza mbona milima ya huku ina rangi ya maji. Nilikuwa nakujibu kwa sauti, mpaka watoto wa mashine wakaanza kuniita Mzee wa Redio. Pumba za nje zikianza tu kuwa nyeusi, unatawanya na kumwagia maji upesi, maana ukichelewa kidogo na ndoto zako, mkaa unakuwa majivu. Nilipata majivu mara nyingi mwanzoni, kwa sababu yako.

Nikafukia mkaa wangu kwenye mchanga wa Mama Agnesi, mweusi, mbichi, umetoka tu kukauka. Tukapanda mahindi. Yakaota vizuri, mimi nikatembea Tindiga nzima mikono nyuma kama diwani. Halafu yakaanza kugeuka rangi. Yakawa ya njano, ya njano kweli, kama mtu mwenye homa ya manjano.

"Maulidi mwanangu," Mama Agnesi akasema, tumesimama ukingoni mwa shamba, "haya mahindi yanafanya nini?"

"Yanazoea, Mama."

"Yanazoea kufa?"

Sikulala vizuri. Lile shamba alilipanda kwa mbegu yake ya mwisho ya akiba, na alikuwa ameamini karatasi yangu kuliko macho yake. Nikamtafuta yule mwalimu kwa simu.

"Nani mwenzangu?"

"Maulidi, mwalimu. Wa semina ya Mikumi, ile ya tembo."

Akapumua. "Nyote ni wa tembo. Nyote mmeshanipigia. Yamekuwa ya njano?"

"Kidogo."

"Sikiliza basi nimalize sentensi yangu. Mkaa mbichi una njaa. Ukiufukia hivyo hivyo unakula wenyewe kwanza, mbolea yote inaingia kwenye vitundu, mimea inabaki inatazama. Usiupeleke shambani kabla ya kuulisha. Uloweke kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe, wiki kadhaa, ushibe. Ukishiba, ndipo unaanza kutoa."

Kwa hiyo Mama, darasa zima la Mikumi, Iringa hadi Kilosa, tulikuwa tumekosea kosa moja, siku moja, kwa ajili ya mnyama mmoja. Nilipomweleza Mama Agnesi hakucheka. Akauliza, "Mkojo wa ng'ombe wa nani?" Na mimi nikajua ameshajua.

Ng'ombe wa karibu ni wa Mzee Loishie, mfugaji, zizi lake liko ng'ambo ya mfereji. Hao wawili walikuwa hawasalimiani. Huku bondeni mkulima na mfugaji kununiana si habari, lakini lao lilikuwa la peke yake. Lilianza na ndama aliyeingia kwenye mpunga, likaamuliwa kwa mwenyekiti wa kijiji, likaisha. Kilichobaki ni shikamoo. Huku shikamoo si mchezo, Mama, kama kwetu na zaidi. Mdogo ndiye anayeanza. Mama Agnesi anasema Loishie ni mdogo wake, kwa hiyo anangoja aamkiwe. Mzee Loishie anasema yeye ndiye mkubwa, anangoja vilevile. Basi wamepishana mferejini misimu na misimu, kila mmoja amenyamaza anamngojea mwenzake aonyeshe adabu.

Nikaenda peke yangu kwanza. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama wafugaji wale wanavyofanya kwa vijana wao.

"Nimekuja kuomba mkojo, mzee."

Akafikiri. "Wako umeisha?"

"Wa ng'ombe."

Akakaa juu ya kigoda chake, akaweka fimbo mapajani. "Toka nimefika bonde hili watu wanakuja hapa kushitaki kinachotoka kwa ng'ombe wangu. Wewe ndiye wa kwanza kukiomba."

Nikamweleza mpango wangu, na huu ni wangu kweli, mwalimu aliusifu baadaye: sitakinga mkojo kwa ndoo, maana ng'ombe hapokei maelekezo. Nitautandaza mkaa zizini, ng'ombe walale juu yake. Mkaa utakunywa usiku kucha. Tope la masika litakauka, harufu itapungua, kwato za ndama hazitaoza. Ukishiba nauzoa napeleka shambani, naleta mwingine. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ni vizuri. Lakini shamba si lako. Mwenye shamba aje mwenyewe. Siwezi kutoa kitu cha nyumbani kwangu kiende kwa mtu nisiyesalimiana naye."

Mama Agnesi akavaa kitenge chake cha kanisani. "Nitakwenda," alisema njiani, "lakini shikamoo haitoki kinywani mwangu. Mimi nimepata kipaimara huyu bado anachunga ndama."

Tukafika. Mzee amesimama mlangoni pa zizi, naye amejifunga shuka jipya. Mama Agnesi akasimama. Ng'ombe wanatutazama wanatafuna. Mzee akatazama milima ya huku, Mama Agnesi akatazama ya kule. Mimi katikati nikaona shamba linakufa, kiwanja kinakwenda, chumba chako kinakwenda, wewe na kanga yako ya kijani mnarudi ndani na kufunga mlango. Nikapiga hatua moja, nikainama kwa wote wawili, nikasema kwa sauti ya kuamsha kijiji:

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba," wakasema, wote wawili, kwa pamoja, sauti moja juu ya nyingine kama waimba kwaya.

Wakageuka wakatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikiana sauti tangu kwa mwenyekiti. Mama Agnesi akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Mzee Loishie akajaribu kuzuia, akashindwa, akacheka mpaka fimbo ikamwanguka.

"Basi huyu ndiye mdogo wetu," akasema.

"Huyu ni mdogo wa kila mtu," Mama Agnesi akasema. "Nionyeshe ndama wako, nizione hizo kwato."

Tangu hapo kila wakikutana lazima niwepo, nianze mimi, waitikie wote. Nisipokuwepo wanaitwa watoto waanze wao.

Mama, natamani ungeona zizi lile alfajiri. Mkaa mweusi chini umetanda kama usiku uliosahaulika, ng'ombe weupe wamelala juu yake, mvuke unatoka puani mwao, na yangeyange wanatembea katikati kama walimu wakati wa mtihani. Harufu ilikwisha, hata nzi walihama. Nilikuwa nakaa juu ya uzio kabla ya kwenda kwenye magunia, nasikiliza wakipumua, na nilikuwa sijui kama niko Tindiga au niko kwetu bado mdogo, nimelala mgongoni kwako unaniimbia.

Mkaa ulipoiva tukauchanganya na mchanga ule, tukapanda upya kwa mbegu aliyotoa Mzee Loishie mwenyewe, aliinunua Dumila, akasema ni ya ng'ombe kulipa deni la ndama. Mahindi yakatoka ya kijani. Kijani cha giza, kile cha kukufanya uvue viatu. Mvua ikikatika, mchanga wa jirani unapauka, wetu ukiufukua kiganja kimoja unakuta unyevu. Mama Agnesi anakwenda kuutazama kila jioni, anapita mkono juu ya majani kama mtu anayemlaza mtoto.

Maji nayo. Kisima cha Mama Agnesi kilikuwa na maji ya rangi ya kahawia toka mafuriko. Nikapanga pipa: changarawe chini, mchanga, mkaa uliooshwa vizuri, mchanga tena juu. Yanaingia juu yana tope, yanatoka chini unaona kucha zako. Bado tunachemsha, mwalimu alisema mkaa unaondoa rangi na harufu lakini si kila mdudu. Siku ya kwanza Mama Agnesi alimimina chai akaitazama sana kikombeni. "Leo chai ina rangi ya chai," akasema. Alimpelekea Mzee Loishie kibuyu kizima.

Sasa nyumba. Nilimwita Fundi Sefu wa Kimamba, babu yake alikuja zamani kukata mkonge wakabaki hapo hapo, mtu anayeuamini udongo tu. Tukafyatua tofali za kukausha juani, na mkaa ndani yake. Akanishika mkono. "Kiganja kimoja kwa ndoo ya udongo, basi. Mkaa ukizidi, udongo unasahau kushikana." Nikamwitikia. Alipokwenda kula nikaongeza, maana niliwaza, kama kiganja kimoja kinaleta ubaridi, viganja vitatu vitaleta Ulaya. Tofali zikatoka nyepesi ajabu, ungezibeba mbilimbili na goti lako hilo hilo. Tukaanza kujenga mwinukoni. Msingi wa mawe. Kuta zikapanda zikafika dirishani. Nikaacha uwazi wa dirisha lako upande wa mawio, nikaingia ndani, nikakaa chini mahali kitanda kitakapokuwa. Kutoka pale unaona shamba lote la kijani, moshi wa mashine, mfereji, ng'ombe wanakwenda malishoni kwa mstari, na mbali kabisa milima, ile rangi ya maji. Jua likaingia kupitia uwazi ule likanikaa miguuni. Nikasinzia. Nikakusikia upande wa pili wa ukuta unagombana na Mama Agnesi kuhusu chumvi kwenye mchicha, yeye anasema imezidi, wewe unamwambia mtu wa Uvinza hafundishwi chumvi.

Ndiyo habari ya mkaa, Mama.

Nisalimie Dada Hadija, mwambie majani ya mpera kwa kikohozi, asidharau. Shangazi Zuhura wa dagaa, mwambie huku dagaa ni wadogo kama sindano na watu wanaulizia wa kwake. Shemeji yangu dereva, apunguze mwendo kwenye daraja la Malagarasi. Baba mdogo msalimie sana, mwambie nimesikia. Mzee Loishie anakusalimu bila kukujua, na Mama Agnesi ameuliza kama unajua kusuka ukili, maana anatafuta mwenzake. Mwajuma, wewe salamu yako ni daftari, iko kwenye mfuko alionao Abdu, pamoja na kitenge cha bibi yako.

Mikono miwili, Mama, na goti nalibusu kwa mbali.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Maulidi

Mwajuma, geuza karatasi, nyuma kuna maneno. Msomee Mama yote, usiruke.

Mama, nyumba haipo. Kuta zilifika dirishani, hilo ni kweli, kisha ikaja mvua tukiwa kwenye chakula cha mchana, tuliporudi tukakuta tope jeusi na msingi. Fundi Sefu alilitazama akasema, "Kiganja, nilisema," akachukua kamba yake akaenda. Ninalala stoo ya mashine, juu ya magunia ya pumba. Kiwanja nacho bado ni cha Mama Agnesi mpaka tuvune, na mahindi ndiyo kwanza yananifika kiunoni. Mahindi ni ya kweli. Tofali nimeanza upya, kiganja kimoja. Lakini ile bahati niliyokuanzia nayo ni uongo, na hakuna chumba.

Usimpe baba mdogo ufunguo.